Senti Ishirini na Tano kwa Ukurasa

Mjini kwetu, kando ya ziwa linaloganda kila Desemba,
sheria imeandika: faili ya polisi ni mali ya umma.
Basi nipo hapa, ghorofa ya chini, dirisha la tatu,
mimi na mashine ya nakala yenye kikohozi
na kalamu nyeusi mbili, nene kama vidole vya mtoto.

Si lazima useme wewe ni nani.
Si lazima useme unaitakia nini.
Jaza fomu, lipa, ngoja.

Jumatatu alikuja Bi Piekarski,
theluji mabegani, hata hakuipangusa.
Mwanawe Wendell aliingia seli namba nne kwa miguu yake
akatolewa kwa shuka.
"Nataka jina la aliyekuwa zamu,"
alisema, kama mtu anayeuliza bei ya viazi.

Nilimpa kurasa kumi na moja.
Wakubwa walishapita humo na wino:
askari weusi, alimkuta weusi,
saa tisa na dakika weusi, hakuitikia.
Akalipa dola mbili na senti sabini na tano, zote sarafu.
Akainua karatasi kwenye taa
kama anayekagua noti bandia,
akalitafuta jina kwa nyuma.

Jumatano, Gunderson, mwenye nyumba.
Viatu vyake havikuacha tope.
Alitaka simu zote za dharura zilizopigwa
kutoka chumba 2B, Mtaa wa Larch.
Saba. Zote za Mai See Vang,
ya mwisho ni pumzi tu, na mlango.
"Nyumba yangu haitaki kelele," alisema.
Alikuwa na haki. Ya kuomba, namaanisha.

Nikafuta jina la mwanamke.
Nikafuta watoto, nikafuta shule yao,
nikafuta nyumba ya dada anakokimbilia usiku.
Nilibonyeza hadi wino ukatokeza nyuma.
Lakini anwani aliileta Gunderson mwenyewe, mfukoni,
na saba ni saba, hata ukiifunika.

Kuna kuanika ili kitu kikauke,
na kuna kuanika ili mtu anyauke.
Jua ni lilelile.
Na kalamu nayo ni ileile:
iliyomsitiri Mai See Jumatano
Jumatatu ilimsitiri nani?

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Mimi ndiyo kata hiyo.
Nazamishwa, natolewa, natundikwa ukutani,
saa kumi na moja nakwenda nyumbani kupika maharage.

Sijasema habari ya kabati la kijani.
Droo ya chini, mwaka wa tisini na tatu:
msichana wa miaka kumi na tisa,
makopo mawili ya maziwa ya mtoto ndani ya koti,
picha ya uso, kisha ya ubavu.
Namba ya faili hiyo naijua
kama wengine wajuavyo simu ya mama.
Miaka kumi na minane nimeketi hatua nne kutoka kwake.
Kalamu ninayo.
Ufunguo ninao.

Ijumaa Bi Piekarski alirudi.
Nikamwonyesha fomu ya rufaa, kisanduku cha tatu,
mahali ambapo watu husahau kutia sahihi.
Akatia. Kisha akaniuliza:
"Ingekuwa wewe, ungelifuta?"
Nikajibu kwamba majina ya askari hayapiti mezani kwangu,
jambo ambalo ni kweli,
na akaniangalia kama alivyoiangalia ile karatasi kwenye taa.

Jioni, nikifunga, nikakuta fomu chini ya kioo.
Mwandiko mzuri, wa mtu aliyefundishwa na watawa:
naomba waliokamatwa wote, mwaka wa tisini na tatu.
Hakuandika jina. Si lazima.

Nikaipiga muhuri: IMEPOKEWA.
Nikawasha mashine tena, ikakohoa.
Nikaketi kuhesabu kurasa, moja moja,
senti ishirini na tano,
hamsini,
sabini na tano.